Nimeacha Sukari, Mbona Tumbo Halitulii na Usiku Naamkia Jikoni?

Mama, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Umri wangu umepita arobaini na tano kidogo. Kazi yangu ni ushonaji wa nguo za kike, nina cherehani zangu na wasichana ninaowafundisha kazi, na namshukuru Mungu wateja wapo. Naomba usinitaje, maana mji wenyewe huu tunajuana na wateja wangu wengi wanasoma safu yako.

Mwaka jana mwishoni niligundulika na kisukari, hiki cha ukubwani. Nilipewa dawa za aina mbili: kidonge kikubwa cheupe asubuhi na jioni, na kingine kidogo cha asubuhi. Majina yake siyajui vizuri, nayajua kwa sura. Wakaniambia nipunguze sukari na vyakula vya wanga. Foleni ilikuwa ndefu siku ile, maelezo yakawa ya haraka, nikatoka pale na jambo moja tu kichwani, kwamba sukari basi.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi Muscat. Aliposikia habari zangu alilia kwenye simu mpaka mimi mgonjwa ndiye niliyembembeleza. Tangu hapo, kila mtu anayekuja kutoka Oman anafika na boksi langu. Ndani mna pipi za mnanaa zisizo na sukari, biskuti na chokoleti zisizo na sukari, vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai, na kopo la unga wa protini ambao nakoroga na maziwa. Najua mshahara wake, najua anajinyima. Kila boksi likifika ananipigia simu ya video nimwonyeshe nakula, na uso wake unang'aa.

Nikaona nimepata ukombozi. Asubuhi chai na vidonge vyangu na biskuti zangu. Mchana nikiwa kazini silagi chakula, natafuna pipi tu, ziko kwenye droo ya cherehani, mkono unakwenda wenyewe. Pakiti inakwisha kabla ya adhuhuri. Usiku wenzangu wakiandaliwa sinia mimi nakunywa glasi yangu ya unga wa protini, basi.

Sasa shida yenyewe. Tumbo langu limekuwa adui. Linajaa gesi hadi sketi inabana, linaunguruma kiasi cha mtu wa pembeni kusikia. Juzi nilikuwa nimepiga magoti namzungushia mteja futi kiunoni, tumbo likapiga kelele ndefu, yule mama akaniuliza kama sijala. Wasichana wangu wakainamisha vichwa. Siku nyingine naendesha, namwacha mteja amesimama nakimbilia uani. Nimeacha kwenda kwenye shughuli za watu, maana kukaa mkekani na wanawake wenzangu na tumbo hili siwezi.

Lingine ndilo linanitia aibu zaidi, na hakuna anayelijua. Usiku wa manane naamka na njaa ambayo sijawahi kuijua maishani mwangu. Mara nyingine natetemeka na jasho linanitoka. Nakwenda jikoni gizani, nafunua sufuria, nakula wali wa baridi na mbaazi kwa mkono nimesimama, nakula mpaka nashiba kupita kiasi, halafu narudi kulala nikijichukia. Asubuhi nasema wamekula watoto.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini juzi aliniambia, "Siku hizi umekuwa mgeni nyumbani kwako." Mama mkwe, tunayeishi naye, anaona naringa kwa vyakula vya Uarabuni na nadharau mchuzi wake. Na jirani yangu amenitia hofu zaidi: kasoma kwenye simu kwamba hivi vitu vya utamu vya bandia vinaleta saratani, kaniambia heri nirudi kwenye sukari yetu ya kawaida nife na ugonjwa ninaoujua.

Mama, nimechanganyikiwa. Nikiacha vitu vya binti yangu namvunja moyo na naogopa sukari itapanda. Nikiendelea, tumbo litaniaibisha mbele za watu na usiku nitaendelea kuiba chakula ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mashine ya kupimia sukari ninayo, lakini vile vijiti vyake vimeisha na bei yake siimudu kila mara. Je, nirudi kwenye sukari kidogo, au niendelee na vitu vya boksi nivumilie?

Mama wa Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umebeba mzigo wa ugonjwa, wa tumbo na wa siri kwa wakati mmoja, na bado unaamka asubuhi kushona na kufundisha watoto wa watu. Hilo naliona.

Umeniuliza nirudi kwenye sukari au niendelee na boksi. Naomba swali hilo tuliweke pembeni kwanza, kwa sababu nikiiangalia barua yako naona mambo kadhaa yaliyochanganyika: tumbo la gesi na kuendesha ni jambo moja, njaa ya usiku ni jambo jingine, na binti, mume na mama mkwe ni jambo la tatu. Sina hakika kama yote yanatibiwa na kitu kimoja.

Ila kuna sentensi uliyoipitia haraka ambayo mimi imenisimamisha: kwamba usiku unaamka na njaa huku unatetemeka na jasho linakutoka. Hii naomba usiichukulie kuwa ulafi hata kidogo. Chukua pakiti ya kile kidonge kidogo cha asubuhi usome jina. Kama ni glibenklamaidi au glimepiraidi, basi hiyo ni dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na inafanya hivyo uwe umekula au hujala. Mtu anayemeza dawa ya namna hiyo, akaacha chakula cha mchana na cha usiku, sukari yake ya damu inaweza kushuka chini kuliko inavyotakiwa. Mwili ukifika hapo unapiga kelele kwa njia zake: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, na njaa kali isiyo na adabu. Huenda mkono uliofunua sufuria gizani ulikuwa unakuokoa.

Sisemi ndivyo ilivyo, kwa sababu jibu liko kwenye kipimo. Sukari iliyo chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye mashine inahesabiwa kuwa imeshuka. Ikikukuta hali hiyo na huna kijiti cha kupimia, usibahatishe: koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari halisi kwenye maji, unywe, subiri dakika 15 uone, kisha ule chakula. Na hapa ndipo vidonge vya utamu havina msaada wowote, maana vina utamu lakini havina sukari ya kuinyanyua damu. Weka sukari kidogo karibu na kitanda, na mume wako ajue iko wapi na ni ya nini. Usiache dawa mwenyewe, lakini wala usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii, na ukifika wasimulie jasho hilo na jinsi unavyokula. Daktari aliyekupangia dozi alidhani unakula milo mitatu.

Sasa tuje kwenye tumbo.

Umeandika kana kwamba vitu vyote vya boksi ni kitu kimoja. Kwa kweli mle ndani kuna familia mbili tofauti kabisa. Vile vidonge vya kutia kwenye chai, viwe vya sakarini, aspatame, sukralosi au stevia, ni vitamu mno. Sukralosi kwa mfano inaizidi sukari kwa utamu karibu mara 600. Kwa hiyo kinachoingia mwilini ni chembe ndogo sana, na kwa watu wengi haina uwezo wa kulivuruga tumbo kwa kiasi unachokieleza. Pipi, chokoleti na biskuti ni habari nyingine. Pipi haiwezi kutengenezwa kwa chembe, lazima iwe na mwili wa kumung'unya, na mwili huo mara nyingi ni sorbitoli, maltitoli au zailitoli. Geuza pakiti uangalie. Kama majina hayo hayapo, tafuta namba: E420 ni sorbitoli, E965 ni maltitoli, E967 ni zailitoli. Pengine utakuta pia onyo dogo kwamba ukila nyingi huharisha. Kwenye nchi za Ulaya onyo hilo ni lazima chakula kikizidi asilimia 10 ya vitu hivyo.

Sababu yake ni hii. Utumbo mwembamba hauvifyonzi vizuri, vinapita bila kufyonzwa vyote, na njiani vinavuta maji kuingia tumboni kama chumvi inavyovuta maji ya samaki wa ng'onda. Vikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanavishangilia, wanavichachua, na kazi yao hiyo inatoa gesi. Maji yakikutana na gesi unapata kujaa, kuunguruma na kukimbilia uani. Watu wengi huanza kujaa gesi wakifikisha gramu kama 10 za sorbitoli kwa siku, na kwenye gramu 20 wengi huumwa tumbo na kuharisha. Pipi moja ni gramu chache tu, lakini pakiti nzima kabla ya adhuhuri, mwanangu, hesabu yake unaiona.

Na tusiisahau sukari yenyewe. Maltitoli inaipandisha sukari ya damu, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya kawaida, na biskuti isiyo na sukari bado ni unga, yaani wanga uleule ulioambiwa upunguze. Kwa hiyo dhana kwamba boksi ni salama na sinia la familia ndilo la hatari, ningependa uitazame upya. Sijui kama ni kweli hata nusu.

Lakini nisikupe pipi kama mkosaji peke yake, kwa sababu kuna wengine kwenye barua yako. Kile kidonge kikubwa cheupe kama ni metformini, gesi na kuendesha ni maudhi yake yanayojulikana sana, hasa miezi ya mwanzo, na yanazidi ikimezwa bila chakula. Wewe jioni unaimeza na nini? Glasi. Tena glasi ya maziwa. Watu wazima wengi wa pwani yetu mwili umeshaacha kutengeneza kimeng'enya cha kuisaga laktosi, sukari ya maziwa, nayo ikifika utumbo mpana inafanya kama zile pipi. Unga wenyewe wa protini mara nyingi umetokana na maziwa. Wamasai na wafugaji wengine wengi huyastahimili maziwa mabichi ukubwani kwa sababu ya maumbile waliyorithi. Wengine wetu mtindi ndio unatufaa zaidi, maana bakteria wa mtindi wameshaila sehemu ya laktosi. Halafu kuna wali uliolala. Wali uliokaa mezani tangu magharibi katika joto la Tanga huota bakteria ambaye sumu yake haifi hata ukiupasha moto. Chakula cha kulala kiingie kwenye friji mapema, kama ipo.

Nimekutajia haya kwa sababu ukiacha kila kitu siku moja, tumbo litatulia na hutajua lililokuwa linakusumbua. Ukibadilisha jambo moja kwa muda, ukaliangalia tumbo, kisha jingine, utaujua mwili wako kuliko ninavyoweza kukwambia mimi.

Sasa njaa, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, maana naona ndiko ulikojihukumu mwenyewe.

Unaposema unajichukia, unadhani kushiba ni suala la tabia njema. Shibe ni mazungumzo kati ya tumbo, utumbo na ubongo. Tumbo likitanuka kwa chakula, mishipa ya fahamu inapeleka habari. Protini na mafuta vikigusa utumbo mwembamba, kuta zake zinatoa homoni zinazosema polepole, chakula kipo. Nyingine inatolewa chini zaidi chakula kinapofika huko. Moja ya homoni hizo, iitwayo GLP-1, ndiyo inayoigwa na zile sindano za kupunguza uzito ambazo dunia nzima inazizungumza. Na upande wa pili kuna ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ambayo iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Hii hupanda tumbo likikaa tupu na kushuka ukila. Utamu wa ulimini peke yake hauyaendeshi mazungumzo haya. Ulimi unasema kimekuja kitu, utumbo unangoja, haupati, na njaa inabaki palepale. Tangu asubuhi hadi usiku wewe umeupa ulimi kazi, utumbo ukabaki unasubiri.

Glasi ya jioni nayo ina protini, na protini ndiyo inayoshibisha kuliko wanga na mafuta kwa kalori zilezile. Tatizo ni kwamba imekuja kama kinywaji. Kinywaji hupita tumboni haraka kuliko kitu cha kutafuna, na hakina nyuzinyuzi za kuuchelewesha mwendo. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38 vyenye kalori sawa, wakawauliza jinsi walivyoshiba kwa saa mbili. Viazi mviringo vya kuchemsha vilishika nafasi ya kwanza, vikiuzidi mkate mweupe zaidi ya mara tatu. Cha pili kilikuwa samaki. Keki na vitu vya kuoka vyenye mafuta vilikuwa chini kabisa. Sikutajii viazi ili ukajaze sahani, kwa mwenye kisukari vinapandisha sukari haraka. Nakutajia samaki. Nyumba iliyo Tanga, samaki wapo, mbaazi zipo, mchicha na kisamvu vipo, halafu mama wa nyumba analala na glasi.

Hicho ndicho ninachokiona kwenye barua yako, mwanangu. Uliambiwa utoe sukari, nawe ukatoa na chakula.

Njia zako ziko zaidi ya mbili. Nitazitaja na hatari zake, wewe na daktari wako ndio mtakaopima.

Unaweza kurudi kwenye mkeka jioni ukiwa na sahani yako mwenyewe, ukapakua kwenye chakula kilekile cha wote: samaki au mbaazi, mboga nyingi, na ugali wa dona au wali usiozidi ngumi yako. Ukianza na mboga na samaki, wanga ukaja mwisho, sukari ya baada ya chakula mara nyingi hupanda kidogo kuliko ukianza na wali. Faida nyingine ni kwamba mume wako atakuona. Hatari yake ni kwamba mchuzi wa nazi una mafuta mengi, na mama mkwe akikuona umerudi atakuongezea upawa mmoja wa mapenzi na mwingine wa ushindi. Pia usiruke kutoka glasi hadi bakuli kubwa la mbaazi kwa siku moja, kwani kunde zote zina sukari ambazo hatuzisagi, nazo huleta gesi. Anza kidogo, loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, na unywe maji ya kutosha.

Unaweza kuacha pipi na biskuti tu, ukabaki na vidonge vya chai. Hii ndiyo njia ambayo labda ingekuonyesha upesi kama tumbo ni la pipi. Hatari ni mkono ule unaokwenda wenyewe kwenye droo. Ukikuta droo tupu unaweza kumtuma msichana maandazi. Karanga chache au yai la kuchemsha mahali pale si sawa na pipi, lakini ni chakula, na saa saba mchana mtu anayeinama kwenye cherehani anahitaji chakula.

Unaweza kurudi kwenye sukari kidogo, kama jirani anavyotaka. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Kwa mtu anayekula vizuri na kujipima, daktari anaweza asione shida na kijiko kimoja kwa siku. Hatari yake ni desturi yetu, maana chai ya Tanga haijui kijiko kimoja, na vikombe navyo si kimoja. Kuna pia njia ya kuushusha utamu wenyewe taratibu, chai ikawa ya iliki, tangawizi na mdalasini, kidonge kimoja badala ya viwili, mpaka ulimi uzoee. Wengi wanashangaa baada ya wiki kadhaa chai ya zamani wanaiona inakera kwa utamu. Lakini kuna wasioizoea kamwe, na kama chai tamu ndiyo furaha yako pekee iliyobaki, mimi sitakulazimisha uitoe.

Kuhusu saratani. Jirani hakutunga. Mwezi Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatame kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, lakini kwa ushahidi ulioitwa hafifu. Siku hiyohiyo kamati nyingine ya wataalamu ilibakiza kiwango cha zamani cha aspatame kinachokubalika, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda yenye aspatame kwa siku ili akivuke. Mwezi Mei mwaka huohuo Shirika hilo lilishauri watu wasivitegemee vitamu hivi kupunguza uzito, likaeleza wazi kwamba ushauri huo hauwahusu wenye kisukari tayari. Kwa upande wa erithritoli, kitamu kingine cha familia ya sorbitoli, ambayo tumboni ni pole kuliko ndugu zake, watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani waliihusisha mwaka 2023 na kuganda kwa damu. Kama ndiyo chanzo, bado haijathibitishwa. Mwenye kisukari ana haki ya kuwa mwangalifu na moyo wake, kwa hiyo ukiiona kwenye boksi, iulizie kliniki. Ila sukari isiyodhibitiwa inaharibu macho, figo na miguu, na hilo halina ubishi. Ukipima hofu, zipime zote mbili.

Nije kwa watu wako.

Una uhakika binti yako atavunjika moyo? Mtoto aliyelia mpaka ukambembeleza anatafuta kitu cha kufanya akiwa mbali, na boksi ndilo alilolipata. Umemwambia unakula vizuri, basi analeta zaidi. Siku moja anaweza kujua, kwa kinywa cha mtu mwingine, kwamba mama alikuwa anaugua kwa zawadi zake na akanyamaza. Lipi litamuuma zaidi? Unaweza kumwomba abadilishe kilichomo: badala ya pipi alete vile vijiti vya kupimia sukari ambavyo huvimudu, vinavyoendana na mashine yako. Thamani yake kwako ni kubwa kuliko chokoleti zote, na kwenye simu ya video utamwonyesha namba badala ya biskuti. Hatari ni kwamba ataingiwa na hofu, na kila namba mbaya ataiona. Hilo wewe ndiye unayemjua mtoto wako, kama ataliweza.

Mume wako naye amesema sentensi moja tu, na wewe umeisikia kama lawama. Mimi nikiisoma nasikia mtu aliyemkosa mkewe. Simwelewi kuliko wewe, lakini nashangaa ingekuwaje kama angeambiwa ukweli wa usiku, ule wa jasho na sufuria. Ni mtu anayelala pembeni yako. Siku sukari ikishuka sana usiweze kunyanyuka mwenyewe, yeye ndiye atakayekukuta. Kwa mama mkwe sina haraka. Anayeona mchuzi wake umedharauliwa huenda akatulia siku utakapomwomba akupikie samaki wako bila tui zito, kwa sababu daktari amesema. Wakwe wengi hawabishani na daktari.

Mwisho, zipo dalili zisizo za pipi wala maziwa: damu kwenye choo, kukonda usikokutaka, kutapika kusikokoma, homa, au kuendesha kunakoendelea hata baada ya kuacha vitu hivi. Ukiona mojawapo, nenda hospitali. Na kliniki wiki hii nenda na boksi zima, pamoja na pakiti zote mbili za dawa, uzitandaze mezani. Kama maelezo yatakuwa ya haraka tena, sema, "Daktari, usiku natetemeka na jasho linanitoka," kabla hujakaa kitini.

Niandikie ukishajua jina la kile kidonge kidogo.